Kompyuta Haikufa kwa Chai

Upo mzigo usiobebwa kichwani wala mgongoni, na mizani haiuoni. Mkataji aliubeba kwa wiki tano. Kila asubuhi aliingia nao kwenye chumba cha ushonaji, akautundika pamoja na mkoba wake kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila jioni akaondoka nao ukiwa umenenepa.

Mzigo wenyewe ulikuwa neno moja la siri, na aliyelijua ni yeye peke yake. Kwa sababu ya neno hilo wifi yake, dada wa mume wake, alikuwa anatembea juani shule hadi shule akiwapima watoto upya, huku kila mtu akiamini kwamba ameiua kompyuta kwa chai.

Chumba chenyewe kilikuwa na wanawake wanne na cherehani tatu, maana mmoja kazi yake ilikuwa kukata, na huyo ndiye tunayemwita Mkataji. Meza yake ilikuwa ndefu kama kitanda cha watu wawili, na mkasi wake hakuna aliyethubutu kuushika, hata wa kukatia uzi. Cherehani ya dirishani ilikuwa ya Bi Mkubwa, aliyekiongoza chumba kwa miwani iliyokaa kwenye ncha ya pua na maneno machache. Ya katikati ilikuwa ya Wifi, fundi wa kola. Ya mlangoni ilikuwa ya Redio, mtoboaji wa matundu ya vifungo, na jina hilo hakulipata kwa bahati: alizimika usingizini tu.

Walishona sare za shule tatu. Vipimo vya watoto wote, kifua, kiuno, urefu wa mkono, urefu wa sketi, vilikuwa ndani ya kompyuta ndogo ya kukunja iliyokaa kwenye kona ya meza ya Mkataji. Ni yeye aliyepelekwa mafunzo ya siku tatu ya kompyuta, akarudi na cheti, akakibandika ukutani juu ya pasi. Kwenye mafunzo hayo mwalimu alikuwa amewaonyesha jinsi ya kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, na jinsi ya kuwekea diski neno la siri. "Lakini akina mama," alisema, "diski ukiifunga halafu ukalisahau neno lake, umeizika na vyote vilivyomo. Hapo hata mimi msinipigie simu." Wenzake walicheka. Mkataji aliandika kwenye daftari, akapiga mstari chini.

Ugomvi ulizaliwa siku ya sketi arobaini.

Karani wa shule kubwa alikuja kuchukua sketi za darasa la sita, akainua moja, akaiweka kwenye mwanga. Fupi. Akainua ya pili. Fupi. Mkataji akasema vipimo ndivyo vilivyokuwa, watoto wa siku hizi wanarefuka kama mahindi. Wifi, bila ubaya wowote, akafungua kompyuta, akasoma kwa sauti, na vipimo vikawa vingine kabisa. Mkataji alikuwa ameisoma tisa kama nne.

"Mkataji wetu siku hizi anakata kwa macho ya jana," Wifi akasema. Karani akacheka. Redio naye akacheka mpaka akashika gurudumu la cherehani asianguke.

Lilikuwa neno la utani, na mawifi kutaniana si dhambi. Lakini utani unaouma ni ule uliogusa kidonda chenyewe. Macho ya Mkataji yalikuwa yameanza kumwacha tangu mwaka uliopita, na hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe. Alikuwa anahesabu alama za futi kwa ukucha. Kuambiwa hivyo mbele ya karani, tena na mtu ambaye yeye mwenyewe amemshonea magauni miaka thelathini! Alitabasamu, akazikusanya zile sketi azifumue pindo, na moyoni akasema: hunisomei tena vipimo vyangu.

Mchana ule Wifi alimwaga chai. Si nyingi, nusu ya kikombe tu, pembeni ya kompyuta, na kidogo ikaingia kwenye kona ya vibonyezo. Akaifuta haraka kwa kipande cha kitambaa cha suruali. Wote waliona.

Jioni wenzake walipoondoka, Mkataji alibaki kufumua pindo la mwisho. Akaiwasha kompyuta, akabonyeza kile kibonyezo alichofundishwa, akaingia kule ndani, akaweka neno. Alilichagua kwa makusudi: jambo analolijua kama jina lake, na Wifi akikaa kulibahatisha mwaka mzima asilifikie. Alishaona asubuhi itakavyokuwa. Wifi atakuja mezani, mikono nyuma. *Wifi yangu, imekataa, nifungulie.* Naye atajibu polepole, *Ngoja nivae macho yangu ya leo.* Alicheka peke yake njiani mpaka mlangoni kwake.

Asubuhi alichelewa kidogo kwa sababu alikuwa amebeba robota la kitambaa. Alipofika mlangoni aliwakuta wote watatu wameinamia kompyuta. Kwenye kioo cheusi kulikuwa na picha ya kufuli dogo na kisanduku kitupu. Wifi alikuwa amebonyeza hiki na kile, mara tatu imemkatalia, na sasa ilikuwa imenyamaza kabisa.

"Chai!" Redio akapaza sauti. "Si nilisema? Chai imeingia kwenye ubongo!"

"Jamani," Wifi akasema, mkono mdomoni. "Jamani nimeiua."

Mkataji alikuwa na jibu lake tayari kwenye ulimi, lile la macho ya leo. Lakini Wifi hakuwa amekuja kuomba. Alikuwa analia, machozi ya kweli yakidondoka kwenye kola aliyoishika. Sasa mtu atasema nini hapo? Atasema, ni mimi, nilikuwa natania? Utani gani huo? Mkataji akatua robota chini, akapumua, na akafungua mdomo.

"Kwani ilimwagika nyingi sana?" akauliza.

Hilo tu. Hakusema uongo, aliuliza swali. Baadaye alijirudia hivyo mara nyingi, kwamba aliuliza swali tu, na kila alipojirudia swali lilizidi kunuka.

Chumba kile kilikuwa na kanuni moja, kongwe kuliko cherehani zake: aliyeharibu chombo cha wote aachie kiti chake mpaka arudishe alichoharibu. Bi Mkubwa hakuhitaji kuitaja. Wifi mwenyewe aliifunika cherehani yake kwa kitambaa, akachukua futi na daftari, akasema, "Vipimo nitavirudisha. Hata kama ni mtoto mmoja mmoja."

Shule tatu, mabibi na mabwana. Ya kwanza karibu, ya pili ng'ambo ya daraja, ya tatu juu kilimani ambako hata mbuzi hupumzika njiani. Alipokelewa na kila karani kwa swali lilelile, kwani vile vya mwanzo vimekwenda wapi, naye kila mahali alijibu vilevile: "Niliviharibu mimi. Nilimwaga chai." Hakujificha nyuma ya neno "viliharibika". Mtoto mmoja wa darasa la pili alimwita Mama Chai, na wiki ya tatu shule nzima ilikuwa inamwita hivyo.

Na Mkataji je? Mkataji alifika mapema siku moja, wiki ya pili, amekusudia kuliondoa neno kimyakimya. Aliandika, kufuli likafunguka, na vipimo vikatokea vyote, safu kwa safu, kama watoto waliopanga mstari wakimtazama. Hapo ndipo akili ilipomjia: ikionekana imepona, nani ataulizwa? Mwenye cheti ukutani. Watasema, Mkataji ameifufua! Watampigia makofi kwa kufufua alichokiua mwenyewe. Na Wifi je, miguu ile aliyokwishaichubua, itakuwa imechubuka kwa nini? Akasikia funguo za Bi Mkubwa mlangoni. Akaizima, akachukua ufagio.

Kuanzia siku hiyo kila siku ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Kosa la siku moja mtu hulisema akicheka. La wiki mbili mtu atalisema kwa uso gani?

Nyumbani nako hakukuwa na kimbilio. Jioni moja alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda, anashona ukanda wa ndala ya kike.

"Nipe uzi mgumu," mume akasema bila kuinua macho. "Dada amekatikiwa tena. Kilima kile kitamla huyu mtu."

Akampa uzi. Akakaa akimtazama mumewe akichoma sindano, akikosea, akijidunga kidole.

"Maskini fundi wetu wa kola," mume akasema. "Kikombe kimoja cha chai! Ingekuwa mimi ningeinywa yote nisiiache imwagike."

Alitegemea mkewe atacheka. Mkewe akainuka kwenda kutazama jiko ambalo halikuwa na kitu juu yake.

Wakati huo Redio hakumwacha mtu apumue. Kazini alikuwa na mtindo wa kutega vitendawili ili vidole visilale. Siku moja akapiga kofi juu ya meza.

"Kitendawili!"

"Tega," Bi Mkubwa akajibu, kwa uvivu.

"Nikiila siishibi, nikiitema nakonda!"

"Ubani," akasema Bi Mkubwa.

"Wapi! Mkataji, jibu wewe uliyesoma."

"Sijui," Mkataji akasema. Alikuwa anakata pindo la suruali, na chaki ikamkatikia mkononi.

"Nipeni mji basi. Haya, nimeuchukua mji, nimekula nimesaza, mbwa nao wameshiba. Jibu ni siri! Siri, mama. Unaila kila siku na njaa iko palepale." Akacheka mwenyewe. "Loh, Mkataji, mbona umekata mguu wa suruali ya mtoto wa watu? Huyo sasa atavaa kaptura."

Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, Bi Mkubwa alisema jambo ambalo kila mtu alikuwa analiogopa. Kola zilikuwa zimelundikana. Kuna mshonaji mwingine, mwanamke wa mtaa wa pili, anatafuta kiti. "Shule ya kilimani haijamalizika," akasema, "na mimi siwezi kushona kwa mikono minne. Jumatatu huyo mwanamke ataingia kwenye cherehani ya katikati. Si kwamba nafurahi."

Wifi alikuwa hapo, amekuja kuchukua daftari jipya. Midomo ilikuwa imemkauka na gauni lilimlegea mabegani. Hakubisha. Alisema tu, "Nipeni kesho. Kuna fundi wa simu pale njia panda, anatengeneza na kompyuta. Nimemwomba aje saa ya chakula. Akisema imekufa, basi nimekubali."

Mkataji hakula chakula cha jioni.

Fundi alikuja, kijana mwenye bisibisi mfukoni kama wengine wanavyobeba kalamu. Alikuwa na mkate mkononi na alitaka kuumaliza palepale. Akaipindua kompyuta, akafungua skrubu moja moja akizipanga juu ya meza ya Mkataji, akauinua mfuniko wa chini, akachungulia kwa tochi. Wanawake wanne walimzunguka kama anayezalisha.

"Nani alisema chai?" akauliza.

"Mimi," Wifi akasema.

"Hapa ndani hapajaona chai, mama. Hapajaona hata mvuke." Akaifunga, akaiwasha. Kufuli likatokea. Fundi akaacha kutafuna. "Ah. Huu si ugonjwa. Mmeifunga wenyewe. Diski ina paswedi."

"Ina nini?" Bi Mkubwa akauliza.

"Neno la siri, bibi. Mtu ameliweka. Nani?"

Redio akamtazama Bi Mkubwa, Bi Mkubwa akamtazama Wifi. Mkataji alitazama skrubu. Zilikuwa saba.

"Si uitoe hiyo diski uitie kwenye kompyuta nyingine?" Bi Mkubwa akasema.

"Haitasaidia. Neno limo ndani ya diski yenyewe. Ukiihamisha, inahama na mlinzi wake. Asiyelijua neno atupe diski anunue nyingine, na vilivyomo avisahau."

Kisha Redio, ambaye kimya kilimwasha kama upupu, akamgeukia Wifi. "Si wewe uliyebonyezabonyeza asubuhi ile? Labda uliliweka bila kujua!"

"Mimi?" Wifi akasema. Akafikiri. Ungeona jinsi alivyofikiri, kwa uaminifu, paji la uso limekunjana, akiitafuta hatia yake kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. "Inawezekana. Nilibonyeza vingi. Kweli, inawezekana ni mimi." Akamgeukia fundi. "Samahani, baba. Basi ni mimi tena."

Hayo maneno, *ni mimi tena*, ndiyo yaliyomshinda Mkataji. Angeweza kuvumilia kumwona Wifi akibeba kosa lile la kwanza, maana bega lilishazoea. Lakini kumwona akiinama kuokota la pili, tena kwa hiari, huku mwenyewe amesimama palepale mikono mitupu!

"Ninalijua," akasema.

Sauti ilitoka ndogo. Redio akasema, "Unalijua nini?"

"Hilo neno. Niliweka mimi. Siku ile ya sketi, jioni. Chai haikufanya kitu."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, na gurudumu lake lililia kwa muda mrefu sana. Mkataji alitarajia matusi, akayangoja, akayatamani hata. Hayakuja. Bi Mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama vile tatizo lilikuwa kwenye miwani.

"Basi liandike, mama," fundi akasema kwa upole, maana naye alishaelewa ameingia kwenye nyumba ya watu.

Mkataji akavuta kiti. Akaandika, kwenye kioo zikatokea nukta tupu, kisha maandishi mekundu. Amekosea. Akaandika tena, akisogeza pua karibu na vibonyezo. Mekundu tena.

"Imebaki mara moja, kisha itatugomea mpaka tuizime," fundi akasema. "Nitajie, niandike mimi."

"Nikutajie?"

"Kwani ni tusi?"

"Si tusi. Ni tarakimu."

"Haya, taja."

"Mia moja na nne," Mkataji akasema. Fundi akaandika. "Themanini na nane." Akaandika. "Mia moja na kumi na sita."

Kufuli likafunguka, kompyuta ikaanza kuamka, ikaimba kile kiwimbo chake. Lakini hakuna mshonaji aliyeitazama. Mtu mwingine angesikia tarakimu tu. Kwa watu wa futi, tarakimu tatu zikifuatana hivyo ni mtu. Redio alikuwa anatikisa midomo, "Kifua... kiuno... nyonga..." na macho yake yakahama yenyewe, taratibu, yakatua kwa Wifi. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, Redio alizimika akiwa macho.

Ndiyo. Mkataji alikuwa amemfungia Wifi mlango, na ufunguo wake akaufanya ni mwili wa Wifi mwenyewe, ule aliouvisha gauni la harusi, na magauni ya uzazi, na ya misiba miwili. Jioni ile aliona ni ujanja. Sasa vipimo hivyo vilikuwa vimesemwa kwa sauti mbele ya mwanamume wa njia panda mwenye mkate mkononi.

Wifi alikuwa amejishika pembeni, pale gauni linapolegea.

"Hizo ni zangu za zamani," akasema. "Kiuno sasa ni themanini na moja. Nilijipima juzi pale kilimani, nikingoja watoto watoke darasani."

Mkataji alitaka ardhi ipasuke, lakini sakafu ile ilikuwa ya saruji na haikumsikia.

Fundi akakohoa. "Sasa, mnataka paswedi ibaki, au iondoke?"

"Iondoke," Bi Mkubwa akasema. "Na aiondoe aliyeiweka. Wewe muelekeze tu."

Basi ikawa hivyo. Wakaizima kabisa, si kuiwasha upya tu, kwa sababu fundi alisema mlango ule hufunguka vizuri kompyuta ikitoka kwenye usingizi mzito. Wakaiwasha, Mkataji akabonyeza kile kibonyezo cha juu, wakaingia kule ndani penye ukurasa usio na rangi. Fundi akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi: hapa, penye mambo ya usalama. Shuka. Diski. Hapo.

"Inataka neno la sasa. Liandike."

Aliliandika. Safari hii hakukosea. Kila tarakimu aliibonyeza akijua kwamba mwenye nayo amesimama nyuma yake.

"Sasa inauliza neno jipya."

"Niandike nini?"

"Usiandike kitu. Acha patupu, bonyeza kukubali."

Kidole kilisita. Mtu akiulizwa swali, desturi ni kujibu. Akaacha patupu.

"Inakuuliza tena, ithibitishe. Tupu tena. Bonyeza. Sasa hifadhi, sema ndiyo."

Kompyuta ikazimika, ikawaka, ikapita bila kuuliza mtu chochote. Fundi akaiweka sawa, akaokota makombo ya mkate wake juu ya meza, akaaga. Mlangoni alimwambia Wifi peke yake, "Pole, mama."

Alipoondoka, Mkataji akauchukua mkasi wake, ule usioguswa, akauweka mbele ya Bi Mkubwa. Hakusema nisamehe, maana neno hilo lilionekana dogo, kama kiraka cha leso kwenye tundu la gunia.

"Kanuni ni kanuni," Bi Mkubwa akasema, akauvuta mkasi upande wake. "Na kilimani bado madarasa mawili tuliyoahidi kuyapima upya, hata kama vipimo vya zamani vimerudi."

"Nitapanda."

"Wewe wifi yake una neno?"

Wifi alikuwa ameshaifunua cherehani yake na anaipuliza vumbi. Hakugeuka. "Nina moja. Miaka thelathini umenivisha, na umeniacha wiki tano uchi barabarani. Ulikuwa unaniona nikirudi. Ulinipa na maji ya kunywa."

"Nilikupa," Mkataji akasema.

"Yalikuwa baridi, mazuri. Niliyashukuru." Akaipuliza tena cherehani. "Mimi nilisema mahali kote kwamba ni mimi. Kwa kila karani. Kesho ni Jumamosi, shule kubwa wanafungua ofisi asubuhi. Tunakwenda wote. Utasema wewe."

Usiku ule Mkataji alimweleza mumewe yote, pamoja na habari ya macho. Mume alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mto wake, akaenda kulala sebuleni, na hilo lilikuwa jibu lake kwa siku hiyo.

Asubuhi mawifi wawili walitembea barabara moja bila kuongea. Mkataji alivaa viatu vya kufunika, na kabla ya kufika daraja vilishamuuma kisigino, hakuthubutu kuchechemea. Getini mlinzi akainua mkono, akaita kwa furaha, "Mama Chai! Leo umeleta mwenzio?" Wifi akamsalimia kwa adabu.

Ofisini kulikuwa na wazazi sita kwenye benchi, wakingoja fomu. Karani, yuleyule aliyezicheka sketi, alikuwa anapiga muhuri, tap, tap, bila kuinua kichwa. Mkataji alikuwa ameyapanga maneno njiani. Akakaribia meza.

"Karani, nimekuja kusema jambo kuhusu ile kompyuta ya vipimo. Si huyu aliyeiharibu. Ni mimi..."

"Sawa, mama," karani akasema, tap. "Sketi lini?"

"Wiki ijayo."

"Nzuri. Wiki ijayo." Tap.

Imekwisha. Nyepesi hivyo! Mkataji akahisi hewa ikimrudia kifuani, akageuka aondoke. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, na hakumpisha.

"Rudia," Wifi akasema. "Hajakusikia."

"Wifi, watu hawa wote..."

"Mimi nilisema mbele ya watu wote. Rudia."

Mkataji akageuka tena kwenye meza. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Akaweka viganja viwili juu ya zile fomu, muhuri ukakosa pa kushuka, na karani akalazimika kuinua macho.

"Huyu hakumwaga chai yoyote ya kuharibu," akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayeita mtoto ng'ambo ya barabara. "Kompyuta niliifunga mimi kwa neno la siri, kwa hasira, kwa sababu alinikosoa, na alikuwa sahihi. Sketi zile nilikosea mimi, sioni vizuri. Neno nililijua siku zote. Nikamwacha awapime watoto wenu wote upya kwa miguu, na watoto wenu wakamwita Mama Chai, na mimi nikanyamaza."

Benchi lote liligeuka. Mama mmoja akasema "Loh!" na mwingine akamkanyaga mguu. Karani alimtazama Mkataji, kisha akatazama mlangoni, akashusha macho mpaka kwenye ndala ya Wifi, ile iliyoshonwa kwa uzi mgumu na mkono usiojua kushona. Akaweka muhuri chini, akasimama.

"Pole sana, mama," akamwambia Wifi. "Jamani. Pole."

"Nimepoa," Wifi akajibu.

Mkataji alibaki ameinamia meza, hajui mikono aipeleke wapi. Nyuma yake akasikia Wifi akisogea, akiupisha mlango.

"Twende," Wifi akasema. "Bado mlinzi."